Bingwa wa Kikannada wa Xiaobei

Mwaka ule China ilipoandaa Olimpiki, ungewakusanya Waafrika wote wa Guangzhou, kuanzia wanunuzi wa simu mpaka akina mama wa magauni ya soko la Shisanhang, ungempata mmoja tu aliyekuwa bingwa wa Kikannada. Na kila mtu alimjua, kwa sababu bingwa mwenyewe hakumpa mtu nafasi ya kutomjua. Aliwaambia watu kwenye foleni ya chai. Aliwaambia kwenye lifti. Siku moja alimwambia mtu aliyekuwa katikati ya kusali, akamsubiri amalize ili amwambie tena.

Jina lake Medard, mzaliwa wa Kamachumu kule Kagera, mwenye shahada ya biashara kutoka chuo kimoja cha Mysore, kusini mwa India. Kazi yake Guangzhou aliiita ushauri wa biashara ya kimataifa. Kwa macho ya kawaida, ushauri huo ulikuwa ni kuwapeleka wafanyabiashara wa Kariakoo madukani, kuwabishania bei kwa malaoban, yaani mabosi wa Kichina, na kurudi na robota kichwani.

Kikannada chenyewe hakina kosa lolote katika habari hii. Ni lugha ya watu wa jimbo la Karnataka, watu mamilioni kwa mamilioni. Ilikuwa inachongwa kwenye mawe tangu karne ya tano. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo serikali ya India ikaitangaza rasmi kuwa lugha adhimu ya kale, ikaipandisha kwenye jukwaa moja na Kisanskriti na Kitamil.

Medard aliisoma habari hiyo kwenye mgahawa wa intaneti pale Xiaobei, mtaa wa Waafrika. Aliingia humo mbeba marobota, akatoka mwanazuoni. Mabega yalipanda, sauti ikashuka mpaka tumboni, na mwendo ukawa wa mtu anayeogopa kumwaga hekima. Ungedhani yale mawe aliyachonga yeye, na patasi bado anayo mfukoni.

Wa kwanza kuipata habari alikuwa Zubeir, Mpemba aliyesomea uhandisi kwa ufadhili, waliyekuwa wakipanga naye chumba. Zubeir alikuwa anapakua wali.

"Lugha yako ina umri gani?" Medard akamuuliza.

"Sijaiuliza."

"Basi yangu mimi ina jiwe. Jiwe la Halmidi. Karne ya tano."

"Hilo jiwe limeandikwa nini?"

"Mambo mazito."

"Kama yapi, kaka?"

"Zubeir, mambo ya miaka elfu moja na mia tano hayaropokwi juu ya sufuria ya wali."

Ukweli ni kwamba Medard aliishi Mysore miaka mitatu katika nyumba moja na Watanzania wenzake. Walisonga ugali, walitazama mpira, waligombana kuhusu zamu ya kuosha vyombo, na yote hayo waliyafanya kwa Kiswahili. Tena watu wa Mysore wana adabu ya ajabu. Mgeni akija, wao ndio wanaohangaika kutafuta lugha yake. Medard aliomba maji kwa Kiingereza, akapewa kwa Kiingereza. Alikopa mchele kwa Kiingereza, akadaiwa kwa Kiingereza kizuri zaidi. Miaka mitatu ikaisha akiwa amevuna salamu, neno la kuulizia bei, neno la kukataa, na namna ya kumuuliza mtu kama amekula.

Lakini kitu kimoja alikisomea akafuzu: kichwa. Watu wa kule wana namna yao ya kukitikisa. Si kule kuinamisha kwa kukubali, wala kugeuza kwa kukataa. Kichwa kinabembea kutoka bega hili kwenda bega lile, taratibu, kama kimekaa juu ya springi. Maana yake ni ndiyo, au sivyo, au nimekusikia, au Mungu ndiye ajuaye. Medard alikibembeza kwa ustadi kiasi kwamba kwenye mabasi ya Mysore abiria wasiomjua walikuwa wanamweleza matatizo ya ndoa zao, nao wakimshukuru kwa ushauri.

Sasa, mwanazuoni huyu alikuwa na tatizo dogo la kidunia. Viza yake ilikuwa inaisha mwisho wa Novemba. Zamani ungekwenda, ukatabasamu, ukaongezewa. Mwaka ule wa Olimpiki kamba ilikazwa, na michezo ilipokwisha watu wakasahau kuilegeza. Kila dirisha la viza lilikuwa na jibu moja: meiyou, hakuna. Polisi walisimama kwenye daraja la waenda kwa miguu la Xiaobei wakiomba pasipoti kama makondakta wanaoomba nauli. Waliopitwa na tarehe walijifunza kutembea kwa kuchungulia kona.

Mtu aliyejaribu kumwokoa alikuwa Odilia, mwanamke wa Bukoba mjini aliyekuwa akinunua magauni Shisanhang tangu Medard hajajua China iko upande gani. Mizigo yake aliisafirisha kupitia Mhindi mmoja, Bwana Shivanna, mwenye kampuni ya kupeleka makontena Dar na Mombasa kutokea bandari ya Nansha. Shivanna alikuwa anatafuta mfanyakazi kutoka Afrika Mashariki, na atakayempata angemwombea viza ya kazi. Shivanna mwenyewe alikuwa mtu wa Mysore.

Medard aliposikia neno Mysore alishika ukuta.

Odilia alimwona, akamwahi. Alimtaka aende kesho yake, aseme yeye ni Mtanzania, anajua mizigo, anawajua wateja wa Kariakoo, kisha aulize kazi yenyewe ni ya kufanya nini. Basi.

"Nitamwingia kwa Kikannada," Medard akasema.

"Nani kakwambia anatafuta Kikannada? Kikannada anacho."

"Dada Odilia, mtu yuko ugenini, ghafla anasikia lugha ya mama yake kinywani mwa Mwafrika. Hapo swali si kama atanipa kazi. Swali ni, akishanipa kampuni, yeye atabaki na nini."

"Mdogo wangu, utaondoka nchi hii umepakiwa kama magauni yangu."

Asubuhi iliyofuata Medard alisimama mlangoni kwa Shivanna, akaunganisha viganja kifuani. "Namaskara," akasema. Kisha, kwa Kikannada safi, akamuuliza kama ameshakula.

Ilikuwa saa nne, muda ambao hakuna mtu anayeulizwa habari za chakula. Lakini Shivanna, mzee mnene mwenye miwani iliyoning'inia, alisimama taratibu kama aliyeona maiti inaamka. Macho yakamlowa. Akamshika Medard mikono yote miwili, akamkalisha, akafungua mdomo, na Kikannada cha miaka elfu na mia tano kikamwagika chote kwa pamoja.

Medard akabembeza kichwa.

Shivanna alipocheka, Medard alicheka. Alipohema, Medard alihema kwa kina zaidi, ili isionekane uchungu wake ni mdogo. Kuna mahali mzee alishika rundo la karatasi, akagusa mdomo wake, akataja Dar es Salaam, akataja Mombasa, akatingisha kidole kwa msisitizo. Medard akaona hapa ndipo penyewe. Akabembeza kichwa kwa unyenyekevu mkubwa, macho yamefumbwa nusu. Shivanna akagonga meza kwa furaha. Alipotua kupumua, aligeukia Kiingereza kwa ajili ya karani wake Mchina, na hapo ndipo Medard alipojua yeye mwenyewe amekubali nini.

Jumapili chama cha Wakannada wa Guangzhou kingesherehekea siku ya jimbo lao pamoja na heshima mpya ya lugha. Medard angekuwa mgeni rasmi. Angehutubia nusu saa. Kuhusu kazi, mambo yote tayari wameshayazungumza, na Jumatatu aje waandikishane.

Yapi yamezungumzwa? Medard hakuuliza. Kuuliza kungekuwa kukiri, na kukiri, alimweleza Odilia jioni ile, ni kwa padri. Odilia alimsihi apige simu, amwambie mzee ukweli kabla ya Jumapili. Akamwambia mtu mwenye moyo wa kulia kwa kusalimiwa ana moyo wa kusamehe. Medard akajibu, "Hajanielewa." Yaani alimaanisha Odilia, aliyekuwa amesimama mbele yake. Uanazuoni ulikuwa umeanza kumchanganya.

Jumapili ikafika. Ukumbi ulikuwa ghorofa ya pili ya hoteli moja ya Kihindi, umepambwa njano na nyekundu, rangi za bendera ya Wakannada. Medard alivishwa kilemba cha hariri chenye ukingo wa dhahabu, akatandikwa shali begani, akatundikwa shada la maua shingoni, akakabidhiwa kikapu cha matunda. Ndivyo wanavyomtukuza mgeni kule. Alijitazama kwenye kioo cha ukutani akaona sultani. Odilia, aliyealikwa kama mteja, aliona mti wa Krismasi wenye wasiwasi.

Na wasiwasi alikuwa nao. Nusu saa ya Kikannada, na yeye ana maneno ya kununulia ndizi na kuzikataa.

Kisha msherehesha akashika kipaza sauti, akasalimia. Kwa Kiingereza.

Akaja mhandisi mmoja kueleza jinsi lugha yao ilivyo tamu kuliko asali. Kwa Kiingereza. Akaja daktari, akalia kabisa, kwamba vijana wa siku hizi wanaitupa lugha ya mababu. Alilia kwa Kiingereza. Watoto wakaimba wimbo mmoja wa Kikannada wakiusoma kutoka karatasi zilizoandikwa kwa herufi za Kizungu, wazazi wakiwapiga picha, kisha wakarudi kwenye viti na kuombana soda kwa Kiingereza. Lugha ilisifiwa saa nzima bila kupewa nafasi ya kusema neno.

Medard akajiegemeza kwenye kiti. Kumbe hapa yuko nyumbani!

Alipoitwa, alipanda jukwaani kama mwenye ukumbi. Aliwapa jiwe la Halmidi. Aliwapa wafalme. Aliwapa kitabu cha kanuni za ushairi kilichoandikwa karne ya tisa, akauliza Waingereza wakati huo walikuwa wanaandika nini zaidi ya kukimbia Maharamia wa Kaskazini. Yote kwa Kiingereza, na yote kutoka mgahawa wa intaneti. Ukumbi ukasimama kumpigia makofi.

Hapo ndipo alipotakiwa kukaa. Lakini makofi ni kama pilipili ya Mysore; mtu haachi mpaka imwunguze. Medard alitaka mengine, na jiwe lilikuwa limeisha. Akatafuta cha kuongezea, akakiona kilichokuwa karibu zaidi: Kiswahili.

Akawaambia, ndugu zangu, mimi natoka katika watu wenye bahati mbaya. Lugha tuliyopewa sisi ni ya sokoni, ya kununulia nyanya. Haina jiwe. Haina mfalme. Haina jambo moja zito lililowahi kusemwa ndani yake. Tangu nilipoonja Kikannada, nimeiacha kabisa; leo hii hata barua ya mistari mitatu siwezi kuiandika kwa Kiswahili, na sioni haya kusema.

Ukumbi ulilipuka. Shivanna peke yake hakupiga makofi. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Odilia alikuwa anatazama sambusa yake kwa huzuni. Sijui ni sisi tu duniani wenye kipaji hiki, cha kushindwa kumsifu mama wa jirani mpaka tumemtukana kwanza wa kwetu, tena mbele ya watu waliokuja kula.

Mtu akishaanza kuporomoka hakosi wa kumsukuma. Mama yake Shivanna, bibi mdogo wa umbo aliyekuja kumtembelea mwanawe, alikuwa amekaa mstari wa mbele akitafsiriwa hotuba na mjukuu wake. Huyo ndiye aliyekuwa hajui lugha nyingine ila Kikannada. Medard aliposhuka, bibi alimwita kwa kidole, akamshika shavu kwa upole, akamuuliza jambo kwa sauti tamu.

Medard akabembeza kichwa.

Bibi akauliza tena, taratibu, macho yakimeta. Medard akabembeza zaidi, akaweka mkono kifuani, akainama akamgusa miguu kwa heshima. Ukumbi ukaangua kicheko mpaka mhandisi akapaliwa. Medard akawapungia mkono pande zote. Mapenzi yaliyoje!

Alitembea kurudi nyumbani na kilemba chake kichwani, kwa sababu kukivua ingekuwa dhambi. Pale darajani polisi wawili walimsimamisha. Wakaifungua pasipoti, wakaigonga tarehe ya viza kwa ukucha, wakamwonyesha kwa ishara ndege inayoruka. Kisha mmoja akaomba kupiga picha na kilemba. Medard aliinama kidogo ili aenee kwenye picha, akawaambia kwa Kiswahili waifurahie, kwani Jumatatu wangekuwa wanazungumza na mtu mwenye viza ya kazi.

Jumatatu alimkuta Odilia ofisini kwa Shivanna, amekuja kuulizia mzigo wake. Medard akafurahi kupata shahidi. Akaunganisha viganja, akavuta pumzi ya kumuuliza mzee kama amekula.

"Kaa," Shivanna akasema kwa Kiingereza. "Leo tuzungumze lugha unayoielewa."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Medard. Mzee alimweleza kwamba siku ya kwanza, baada ya dakika chache, alishajua. Watoto wake mwenyewe humjibu hivyo hivyo, kwa kichwa. Lakini aliona huyu kijana amependa mji wao hata kama hakuwahi kuusikiliza, na sherehe ilihitaji mgeni rasmi, na balozi mdogo aliyeahidi alikuwa amepatwa na mafua.

"Mama yangu naye alitaka kuhakikisha," akaongeza. "Alikuuliza kama wewe ni nyati."

Medard akauliza, "Na mara ya pili?"

"Kama baba yako naye ni nyati. Ulikubali, ukamshukuru."

Odilia akageukia dirishani, mabega yakimtikisika.

Medard alijikusanya. Akakiri kwamba Kikannada chake kina kutu, lakini kazi ya makontena haihitaji Kikannada. Shivanna akakubaliana naye kabisa. Akavuta lile rundo la karatasi la siku ile.

"Wateja wangu wa Dar, wa Mombasa, wa Bujumbura wananikimbia. Nawaandikia kwa Kiingereza, hawasomi, wanakwenda kwa wengine. Nataka mtu wa kuwaandikia kwa Kiswahili, na kuwasikiliza kwa Kiswahili. Nilikueleza yote haya. Nilikuuliza kama unaweza, nikakuuliza kama unaipenda lugha yenu, ukajibu kwa kichwa kizuri sana. Nikasema ndiye huyu. Kikannada hajui, si kitu. Nimepata Mswahili."

Akalisukuma lile rundo la karatasi pembeni.

"Kisha jana," mzee akasema, "umewaambia watu wangu wote kwamba barua ya mistari mitatu huiwezi."

"Bwana Shivanna, ile ilikuwa hotuba. Kiswahili nakijua. Nimelelewa nacho, nimesomeshwa nacho, naota kwa Kiswahili."

"Kwa hiyo jana ulidanganya kuhusu Kiswahili, kama ulivyodanganya kuhusu Kikannada."

"Ndiyo," Medard akasema haraka, akaona ndiyo hiyo nayo si nzuri. "Hapana."

"Nitamwamini vipi mtu wa namna hiyo na mzigo wa mtu?"

Medard akamgeukia Odilia kwa macho ya mtu anayezama. Odilia akamtetea, kwa sababu ni wa kwao: akamweleza mzee kwamba kijana si mwizi, ila mdomo wake hutangulia asubuhi, yeye akifuata jioni. Shivanna akasikiliza, akahuzunika kweli, akampa Medard chungwa kutoka mezani. Kazi hakumpa.

Mwisho wa mwezi ulikuja bila kubembelezwa. Wengine wangejificha, lakini Medard hakuwa mtu wa kujificha. Kujificha kunahitaji kunyamaza. Akakata tiketi ya kupitia uwanja wa ndege wa Baiyun, akauza jiko, akamwachia Zubeir godoro. Kilichobaki ni vitabu na nguo, mzigo mzito kuliko ndege inavyoruhusu, na kampuni iliyokuwa na nafasi kwenye kontena la Dar wiki hiyo ilikuwa moja tu.

Akaenda akiwa amevuta kofia mpaka kwenye nyusi. Kwenye meza mpya, nyuma ya kompyuta mpya, alikaa msichana asiyemjua, mchangamfu, kalamu imechomekwa nyweleni. Alijitambulisha kwamba anaitwa Mumbua, ni mtu wa Machakos, na hapo ndiye mhusika wa mawasiliano ya Kiswahili.

Medard alirudia neno moja tu. "Machakos?"

"Machakos, Kenya. Umewahi kufika?"

Mtanzania anaweza kuvumilia mengi. Anaweza kuitwa nyati na familia yake. Lakini kazi ya Kiswahili, kazi ambayo ingempa viza, mshahara na meza, kuchukuliwa na Mkenya! Medard alishika ukingo wa meza. Maneno yote aliyowahi kuyajua, ya lugha zote, yalimkimbia kwa pamoja.

Mumbua alimpimia mzigo, akaandika jina lake, kisha akasita. Akatazama karatasi, akamtazama yeye, akaelekea kumtambua.

"Wewe ndio yule Medard? Bosi alinieleza habari zako." Akainama juu ya meza, akapunguza sauti ili wateja wengine wasisikie, kwa huruma ya kweli. "Taarifa za mzigo huwa natuma kwa Kiswahili. Lakini usijali, kaka. Yako nitaandika na maneno rahisi rahisi."